Sinema zetu za Unguja na Pemba: tuliozikuta tuzungumze. Na Majestic ikirudi, irudi kuwa sinema

#1 BintiKisiwandui

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Muulize kijana yeyote wa mjini leo lile jengo la Majestic pale Vuga lifanywe nini. Wengi watakwambia hoteli, au maduka. Siwalaumu, hawakuikuta. Wamekuta kuta zimesimama na paa halipo. Lakini sisi tuliokata tiketi pale tukinyamaza, basi jengo litatafutiwa kazi na watu wasiojua lilikuwa na kazi gani. Kwa hiyo nitasema, na uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka asome kesho.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu cha umri gani. Kabla ya Majestic, pahala pale pale palikuwa na Royal, iliyofunguliwa 1921. Bombay kwenyewe filamu ya mwanzo yenye sauti ilitoka 1931. Yaani Unguja tulikuwa na ukumbi wa sinema wa kujengwa toka enzi za picha bubu, miaka kumi kabla Wahindi hawajaanza kuimba kwenye kitambaa. Royal ikaungua miaka ya 1950, na 1955 ikafunguliwa Majestic kwa mtindo wa Art Deco, ile michoro ya mistari mirefu na kona za mviringo iliyokuwa fahari ya miji mikubwa wakati ule. Darajani tulikuwa na Empire, hapo karibu na marikiti, ambapo leo watu wananunua sabuni na maziwa ya unga. Malindi Sultana, na baadaye jina la Cine Afrique likatia fora huko huko Malindi. Mji ambao unaumaliza kwa miguu kabla jasho halijakukauka, na Jumapili kumbi zote zinajaa.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Zanana.

Wadogo zangu hamjui zanana. Ni onesho la wanawake peke yao, Jumapili mchana. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kutoka. Alitoka harusini, alitoka msibani, na alitoka zanana. Basi. Wiki nzima nyumba inaizungumza picha ambayo hakuna aliyeiona: nani kacheza, ina nyimbo ngapi, jirani kasikia nini kutoka kwa mumewe aliyeiona Jumamosi. Jumapili asubuhi chakula kinapikwa mapema. Buibui linafukizwa udi. Shangazi zangu wanavaa kanga mpya chini ya buibui ingawa mtu atakaa gizani saa tatu nzima na hakuna atakayeziona. Asumini kwenye nywele. Mabisi na njugu kwenye mkoba, chupa ya chai, mtoto wa mwaka mmoja kiunoni, na sisi wasichana mbele kama vifaranga.

Ndani humo nilimuona mama yangu akicheka kwa sauti. Nyumbani hakucheka vile. Wanawake walizungumza na kitambaa: "Usimuamini huyo, mwongo!" Adui akitokea ukumbi mzima unamzomea. Nargis, yule stelingi wa kike wa Kihindi, akilia, wanalia wote, na si kwa kuficha, mtu anatoa leso anapenga kamasi. Wapo waliolia ya Nargis na wapo waliolia yao wenyewe, na gizani mle hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kihindi hatukukijua. Tulifahamu kila kitu.

Usiku wa Jumapili hiyo mama alikaa na bibi, ambaye miguu ilikuwa haimchukui tena, akamhadithia picha mwanzo mpaka mwisho. Nyimbo akaziimba. Bibi yangu alizijua picha za Raj Kapoor zote na wala hakuziona.

Na nyimbo zile hazikubaki sinema. Waulizeni watu wa taarabu, watakwambia ni sauti ngapi za Kihindi zilitiwa maneno ya Kiswahili zikapigwa harusini kabla picha yenyewe haijaondoka mjini. Za Misri vile vile. Wazee wetu walimsikia Umm Kulthum kwenye santuri, lakini kumuona anavyosimama na leso yake mkononi, walimuona kwenye kitambaa cha sinema.

Naomba kila aliyekuwepo aweke lake. Ukumbi upi, picha za nani, ulikwenda na nani.

#2 MzeeWaBaskeli

Waalaykum salaam mwanangu. Umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba mikebe.

Wengi hawajui, picha moja kubwa ilikuja nakala moja tu, na kumbi mbili zinaitaka usiku mmoja. Filamu ya milimita 35 inakwenda futi 90 kwa dakika. Picha ya Kihindi ya saa tatu ni zaidi ya futi 16,000, haiingii kwenye mkebe mmoja. Inagawiwa mikebe minane au tisa, kila mmoja dakika ishirini na kitu. Basi ukumbi wa kwanza unaanza, wa pili unachelewa kidogo. Mkebe ukimalizika huku unarejeshwa mwanzo, unafungwa nyuma ya baskeli, nami napiga pedali mpaka kwa pili. Huko ukumbi umejaa, mkebe uliotangulia unakaribia kwisha, na watu hawajui kuwa mapenzi ya Raj Kapoor yako kwenye kariya ya baskeli yangu, nimezuiliwa na gari la ng'ombe.

Ukichelewa, taa zinawashwa. Hapo utatukanwa wewe na ukoo wako. Ukiwahi hakuna anayekujua.

Nilikuwa nikitoka jasho, lakini nikimaliza nilikaa nyuma kabisa nikaangalia mwisho wake bure. Miaka nenda miaka rudi nilijua miisho ya picha kuliko mianzo yake.

#3 KijanaWaJangombe

Mzee wangu shikamoo. Sasa watu waliwezaje kuunganisha mikebe bila picha kukatika?

#4 FundiWaJuu

Nimjibie mzee, maana baba yangu alikuwa chumba cha juu, cha mashine.

Mashine zilikuwa mbili, zimekaa sambamba, kila moja na tundu lake la ukutani. Moja inapiga, ya pili imeshapakiwa mkebe unaofuata. Ukikaribia mwisho wa mkebe, kwenye pembe ya juu kulia ya picha inatokea alama ndogo ya mviringo. Ukiwa unatazama umekaa chini huioni, imepita kama kope. Baba alikuwa akiiona hata akiwa anazungumza na mtu. Alama ya mwanzo, anawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye alama ya pili, anafungua huku anafunga kule. Akifanya vizuri hakuna anayejua kuwa kuna binadamu juu.

Na ile taa haikuwa globu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyokaribiana mpaka umeme unaruka katikati yao, mwanga mweupe wa kuumiza macho. Vijiti vinaungua, vinafupika, kwa hiyo vinasogezwa kidogo kidogo, la sivyo picha inageuka manjano halafu inazima. Chumba ni moto, dirisha halifunguliwi kwa ajili ya mwanga. Baba alikuwa akivua shati.

Nasema haya kwa sababu watu wakizungumzia kufa kwa sinema husema "video ilikuja". Video ilikuja, kweli. Lakini hata kabla ya hapo vijiti vilikuwa havipatikani. Miaka ya 1980 mwanzoni fedha za kigeni zilikuwa shida nchi nzima, sukari na sabuni vilikuwa shida, seuze kaboni na lenzi. Na nakala za picha zilizofika zilikuwa zimeshakwaruzwa miji yote, zinakatika, zinaungwa kwa gundi, zinakatika tena. Mtu analipa anakuja kuona mistari ya mvua juu ya uso wa stelingi. Mara mbili hivyo, ya tatu haji.

#5 MpembaWaWete

Jamani kila ukizungumzwa uzi wa Zanzibar inazungumzwa Mji Mkongwe. Pemba nako kulikuwa na sinema. Wete ilikuwepo, Chake ilikuwepo. Picha ilitufikia Unguja imeshaichoka, lakini kwetu ilikuwa mpya, nani angetwambia?

Msimu wa karafuu ndio ulikuwa wenyewe. Mtu kachuma mwezi mzima, viganja vyeusi, pesa iko mfukoni, anateremka mjini na wenzake. Kwanza chakula cha hoteli, kisha sinema, kisha kurudi kwa miguu usiku mnabishana kama yule adui kafa kweli.

Na tuliokuwa mbali zaidi tulikuwa na gari la sinema la serikali. Linakuja kijijini jioni, linasimama uwanja wa skuli, jenereta inanguruma, shuka jeupe linafungwa baina ya minazi miwili. Kwanza wanakuonesha mambo ya kunawa mikono na kilimo, watu wanavumilia. Halafu ndio kichekesho. Waliokosa nafasi mbele wanakwenda nyuma ya shuka, picha inaonekana vile vile ila kila mtu ni mshoto. Mie picha zangu za mwanzo nimeziona kutokea nyuma.

#6 KijanaWaJangombe

Na drive-in je, ile sinema ya nje unayoiangalia umekaa ndani ya gari? Mjomba wangu anasema aliwahi kwenda, nikamwambia Unguja haikuwepo.

#7 AmiWaMsasani

Mjomba wako atakuwa aliikuta Dar, mpwa wangu. Drive-in ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1966 huko Msasani. Unguja hatukuwa nayo, na ukitazama vichochoro vya Mji Mkongwe utajua kwa nini. Gari likipita, mtu anabana ukutani.

Jambo lenyewe lilianzia Marekani, Camden, jimbo la New Jersey, 1933. Bwana mmoja akiitwa Richard Hollingshead alibuni namna ya kuinua ardhi kwa matuta, ili kila gari pua yake ipande juu kidogo na la nyuma lione juu ya la mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa nazo kiasi cha 4,000. Kisha zikaanza kufungwa moja moja, na sababu kubwa ni ardhi. Uwanja unaofanya kazi usiku tu, mji ukishaufikia, mwenyewe anatajiwa bei na hawezi kukataa.

Ya Dar ilikuwa hivi. Unalipa getini, unakwenda kwenye nguzo yako, unachukua spika ya chuma yenye waya unaining'iniza kwenye kioo cha mlango. Sisi tuliokuwa na jamaa mwenye pikapu tulipanda nyuma familia nzima, na mikeka, na mito, na sufuria la pilau. Pikapu inaingizwa kinyumenyume. Watoto wanalala kabla picha haijafika nusu. Na kwetu huku jua linatua saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima halibadiliki sana. Mmarekani wakati wa joto anasubiri giza mpaka usiku mkubwa, ndipo aoneshe. Sisi tukishasali magharibi mambo tayari. Nchi hii iliumbwa kwa ajili ya sinema ya nje.

Pale leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani, ule mpya uliofunguliwa baada ya mlipuko wa 1998. Nikipita namuonesha mke wangu tuliposimamisha gari, na haiwezekani hata kusogea karibu.

#8 UmmuSuleiman

Bi Kisiwandui, ahsante kwa kuitaja zanana. Mimi nitasema jambo ambalo wanaume wa uzi huu hawakulisema.

Video ilipoingia majumbani, wanaume walihama tu. Kutoka sinema wakenda kwenye vibanda vya video, kisha kwenye vibanda vya mpira. Walikuwa na pa kwenda kila wakati. Sisi tulirudishwa ndani. "Mnataka sinema ya nini na kaseti ipo?" Kaseti ipo, kweli, na televisheni ipo, tena ya rangi. Zanzibar tuliipata mapema kabla ya nchi nyingi za Afrika, miaka ya 1970. Unaangalia picha, mara hodi, mara chai ya mgeni, mara mtoto kajikojolea, unasimamisha, ukirudi hamu imeshakwisha. Zanana ilikuwa saa tatu ambazo hakuna aliyeweza kuniita.

Na nikwambie, nilichumbiwa zanana. Si mimi kwa mimi. Mama mkwe wangu alikaa safu ya nyuma yetu, akanitazama namna ninavyompisha bibi mmoja apite, akamuuliza mama jina langu wakati wa mapumziko. Ndoa nyingi za mjini zilianza vile.

#9 BintiKisiwandui

@UmmuSuleiman shoga yangu umenitoa machozi. Hilo la saa tatu ndilo nililokuwa nalitafuta na sikulipata nilipoandika.

@MpembaWaWete ndugu yangu, haki yako. Endelea, tuletee na ya Chake.

#10 Sikukuu_Mnne

Nyie mmesahau Sikukuu! Idi siku nne viwanja vya Mnazi Mmoja vimejaa watoto, pesa za sikukuu tumefunga kwenye kitambaa, pembea, ubwabwa, bunduki za maji. Majestic hapo hapo Vuga, hatua chache. Pesa tunazigawa: hizi za pembea, hizi za sinema, na za sinema haziguswi hata ukifa njaa. Bruce Lee akimaliza tunatoka tunapigana barabarani mpaka Kikwajuni. Nguo mpya zinafika nyumbani hazina vifungo.

#11 BiasharaKwanza

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote na nimeufurahia, lakini mniruhusu niwe mkweli. Nani atalipa? Leo kila mtu ana sinema kwenye simu. Ukumbi wa mamia ya viti unataka umeme, walinzi, mashine mpya, na filamu zenyewe zinanunuliwa haki ya kuzionesha. Hata huko Ulaya na Marekani kumbi zimefungwa, nyingi zilishindwa pale studio zilipoacha kutoa mikebe na kila mtu akalazimika kununua mashine za dijitali za bei kubwa. Jengo likitengenezwa halafu likae tupu siku sita kwa wiki, litaanguka tena. Hoteli angalau inajilipa.

#12 BintiKisiwandui

Mwanangu BiasharaKwanza, marahaba. Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa kirefu, maana ndilo swali lenyewe.

Hakuna anayesema tuoneshe picha kila siku mara tatu kama zamani. Wakati ule umepita. Mimi nasema ukumbi ule uwe wa watu kukusanyika, na sinema iwe na siku yake isiyoguswa. Jumatatu skuli zilete watoto. Katikati ya wiki taarabu, maigizo, mikutano, harusi mtu akitaka, na hapo utapata kodi ya kulipia umeme. Jumapili mchana zanana. Jumapili usiku picha ya wote, na tiketi iwe ya bei ambayo mchukuzi wa marikiti anaimudu. Watalii waje, karibu sana, walipe chao. Lakini ukumbi usipangwe kwa ajili yao, kwa sababu mji wetu umeshawapa nyumba nyingi mno, na wenye mji wanakaa wapi jioni? Forodhani na barazani. Mvua ikinyesha hatuna pa kwenda.

Unasema watu hawatakuja. Tamasha la ZIFF limeanza 1998, wanaonesha filamu Ngome Kongwe, nje, chini ya nyota. Nenda siku ambayo ni bure kwa wenyeji uangalie umati. Wote wana simu mfukoni. Wamekuja kwa sababu kuchekea kitu peke yako na kukichekea na watu mia tatu ni mambo mawili tofauti, na mtu akishalionja la pili haliachi.

Kuhusu mashine: si lazima tuwe na ile ya studio kubwa za Marekani. Filamu za kwetu, za Bongo, za Kenya, za Kihindi za zamani, za vijana wanaopiga picha kwa kamera ndogo hapa hapa Unguja, hazidai mitambo ya gharama ile. Vijana hao wanatengeneza kazi na hawana pa kuionesha isipokuwa mtandaoni, ambako inapotea ndani ya wiki.

Na hoteli inajilipa, kweli. Inamlipa mwenye hoteli. Mama yangu angeingia hoteli kufanya nini?

Shirika la Hifadhi Zanzibar wanalishughulikia jengo lile, na lengo lao ni liwe la utamaduni tena. Mimi nawaunga mkono kwa nguvu zangu zote, ninachoomba ni kwamba sauti za watu waliolitumia zisikike sasa, wakati mipango bado ni ya karatasi. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini nani atahifadhi tulichokuwa tukifanya humo ndani? Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu pale Forodhani, ilipoporomoka sehemu yake Disemba 2020 sote tulilia. Tulie mara ngapi?

#13 BiasharaKwanza

Mama nimekuelewa. La kodi ya harusi na skuli sikulifikiria hivyo. Bado nina wasiwasi na hesabu, lakini nimeelewa.

#14 FundiWaJuu

Nikiongeza moja. Likifunguliwa, chumba cha juu msikivunje. Hata kama mashine mpya itakaa sehemu nyingine, yale matundu ya ukutani yabaki, na kama mashine ya zamani inapatikana popote iwekwe pale watoto waione. Mimi nitakuja kuwaeleza bila malipo.

#15 MzeeWaBaskeli

Nami nitakuja, inshallah. Baskeli sinayo.

#16 MpembaWaWete

Na Pemba mtatujengea lini?

#17 BintiKisiwandui

@MpembaWaWete nakujibu kwa dhati: anza kukusanya. Tafuta waliokata tiketi Wete na Chake, waliofagia, waliouza njugu mlangoni, warekodi kwa simu yako hiyo hiyo, sauti tu inatosha. Waulize jina la ukumbi, lilisimama wapi, nani aliruhusiwa kukaa wapi, picha ya mwisho waliyoiona. Bila ya hayo, siku mtakapokwenda kudai mtaambiwa hakujawahi kuwa na kitu.

Na hili ni la wote. Kama nyumbani kuna kipande cha tiketi, tangazo la sinema, picha iliyopigwa mbele ya Empire au Sultana, mkebe wa filamu ambao bibi anatilia mchele, msitupe na msiwauzie wanaopita kununua vitu vya kale. Pigeni picha pande zote mbili, andikeni nyuma ya nakala ni ya nani na ya mwaka gani kama mnaujua, kisha ulizieni Nyaraka pale Kilimani namna ya kuikabidhi au kuwapa nakala. Mimi nitakwenda wiki ijayo na leso ya mama yenye vipande vyake vya tiketi. Anayetaka tufuatane aniandikie, tutakutana Mnazi Mmoja saa tatu asubuhi.

#18 UmmuSuleiman

Mimi nipo. Nakuja na picha ya harusi, mama mkwe yumo.